Darubini na Njia Nyembamba ya Kompyuta

Kila Jumatano, saa nne kamili, darasa la sita waliingia chumba cha kompyuta kwa mstari, wakabanana watatu watatu kwenye madawati, wakaanza kungoja. Kompyuta ilikuwa moja tu. Mwalimu wa sayansi alibonyeza kitufe, taa ya bluu ikawaka, kisha kwenye kioo kikatokea kile kiduara. Kikazunguka. Kikazunguka. Ukikitazama sana, unapata kizunguzungu.

“Haya, jedwali la saba tukiwa tunasubiri,” mwalimu alisema.

Wakasema jedwali la saba. Wakasema la nane. Walipofika kumi na mbili mara tisa, kiduara kilikuwa bado kinazunguka, na mwalimu alikuwa ameshatazama saa yake mara nne.

“Mwalimu, hiyo kompyuta imelala, tuiletee shuka!” mmoja alisema kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Msichana wa dawati la mbele hakucheka. Wenzake walimwita Darubini, kwa sababu hakuna kitu kilichofungwa ambacho hakutaka kukichungulia: pasi ya mama yake, saa ya ukutani, hata kufuli la geti. Mwalimu alipoona hivyo alimfanya msimamizi wa chumba cha kompyuta. Yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kabati, ndiye aliyeifunika mashine kwa kitambaa baada ya kipindi. Ikitokea mtu ana swali la kompyuta, aliambiwa, “Kamuulize Darubini.” Naye alizoea kuwa na jibu.

Ndiyo maana kiduara kile kilimuudhi kuliko mtu yeyote. Mwanzoni mwa mwaka mashine ilikuwa inafunguka kabla watu hawajakaa. Sasa nusu ya kipindi inaishia kwenye majedwali, na yeye msimamizi hana la kusema. Kengele ilipolia hawakuwa wameona hata picha moja ya somo la moyo na mishipa ya damu.

Wengine walipotoka, alibaki kufunika mashine. Rafiki yake, ambaye shule nzima ilimjua kwa jina la Redio, alibaki naye kumsindikiza kwa maneno.

“Shoga, mimi kama ni kompyuta yangu, ningeshaitupa kisimani.”

“Nyamaza kidogo. Nataka nione kitu.”

Darubini alifungua kabati. Ndani mlikuwa na vitu vilivyobaki siku fundi alipoiunganisha ile mashine: boksi la kadi ya picha, yaani kile kifaa kinachotengeneza picha za kwenye kioo, na kijitabu cha ubao mkuu, ule unaobeba prosesa, ubongo wenyewe wa kompyuta. Kadi ya picha ilikuwa zawadi kutoka ofisi ya wachora ramani za majengo. Darubini alisoma ubavuni mwa boksi: upana wa njia ya memori, biti 256. Akafungua kijitabu, akatafuta ukurasa wa prosesa: upana wa njia ya memori, biti 64.

Akasoma tena. Darasani walishafundishwa kwamba memori ni pale kompyuta inapoweka habari, kwamba biti ni kipande kidogo kabisa cha habari, sifuri au moja, na kwamba njia ya biti sitini na nne hupitisha biti sitini na nne kwa mpigo mmoja. Akagawanya kichwani.

“Mara nne!” alisema kwa sauti. “Redio, kadi ya picha ina njia pana mara nne kuliko prosesa. Ubongo wa kompyuta umewekewa kichochoro, na kifaa cha picha kimewekewa barabara kuu!”

“Maana yake?”

“Maana yake ndiyo sababu inatambaa. Fundi ametuwekea prosesa nyembamba.”

Redio alishika kiuno. “Yaani tumepigwa!”

“Tumepigwa,” Darubini alisema, na moyoni akajisikia nafuu. Angalau sasa alikuwa na jibu.

Mtu akitaka neno lifike mbali, alimwambia Redio. Mpaka saa sita neno lilikuwa limefika darasa la saba, na huko lilikuwa limeshaota mbawa: prosesa ni ya kale, imeokotwa. Mpaka jioni lilikuwa limefika kwa seremala wa jirani na soko, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Huyu alikuwa mtu mwema, ila hasira zake zilikuwa karibu kama randa mezani mwake.

Kesho yake asubuhi seremala alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na fundi wa kompyuta ameitwa. Fundi huyu watu walimwita Bisibisi, maana bisibisi haikutoka katika mfuko wa shati lake hata siku ya ibada. Alikuwa mwembamba, mpole, mgumu wa maneno. Darubini naye aliitwa.

“Haya, mwanangu,” seremala alisema, “sema ulichosoma.”

Darubini alisema. Alisema vizuri sana, na boksi mkononi, kidole juu ya namba. Mia mbili hamsini na sita. Sitini na nne.

“Haipimwi hivyo,” fundi alisema.

“Inapimwaje?” seremala aliuliza. “Mimi nikiwekewa mlango wa futi moja pale nilipotaka futi nne, nitaambiwa haupimwi hivyo?”

“Mzee, mlango ni mlango. Hii ni… prosesa kazi yake si hiyo. Hiyo njia ndiyo yake. Kadi ya picha inakula data kwa wingi, prosesa inataka… inataka majibu, inataka latensi iwe ndogo…”

“Inataka nini?”

Fundi alifuta jasho. “Niruhusuni niifungue niitazame kwanza. Kuna sababu nyingine inayofanya itambae.”

“Usiiguse!” Seremala aligonga meza. “Utabadilisha vitu. Jumamosi kamati inakaa. Kama umetudanganya, hapa shuleni hukanyagi tena, na kila ofisi ya mtaa huu itajua.”

Mwalimu mkuu alijaribu kutuliza mambo, lakini fundi alishainuka. Mlangoni alimtazama Darubini mara moja tu. Darubini alitamani angemkemea.

Jioni ile mama yake, aliyekuwa mtoa dawa katika zahanati ya mtaa, alirudi nyumbani na habari yote kichwani. Zahanati ina watu wengi, na watu wengi wana midomo. Alivua viatu, akanawa, akaomba dua juu ya chakula kama kawaida yake, wakala. Kisha akasema:

“Ulijua, au ulidhani?”

“Imeandikwa, mama! Namba zipo!”

“Namba nimesikia. Nauliza wewe. Kwa nini prosesa imepewa sitini na nne, na ile nyingine mia mbili hamsini na sita?”

“Kwa sababu… fundi…”

“Hiyo si sababu, huyo ni mtu. Waliotengeneza prosesa hawamjui fundi wetu. Waliiwekea sitini na nne huko huko kiwandani. Kwa nini?”

“Sijui!” Machozi ya hasira yalimlenga. “Mbona hata yeye hakujua kueleza?”

“Mtu kutojua kueleza hakumfanyi mwizi. Kesho ukitoka shule, pitia kwake. Umwamkie, umuulize.”

Usingizini aliota namba. Na siku ya Ijumaa, alipotoka shule, miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayepelekwa kuchomwa sindano.

Karakana ya Bisibisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, rundo la mashine zilizofunguliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuchomelea. Alipofika, karani wa kampuni ya mizigo alikuwa anabeba kompyuta yao kifuani kuiondoa.

“Haijaisha,” fundi alikuwa anasema. “Bado naifanyia kazi.”

“Bosi kasema niirudishe ilivyo,” karani alijibu bila kumtazama usoni. “Unajua tena… maneno ya mtaani.” Akaondoka.

Darubini alisimama mlangoni. Ni maneno yake yeye yaliyoiondoa ile kompyuta.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba.” Hakuinua macho. “Leo umekuja kupima nini?”

“Nimekuja kuuliza. Kwa nini prosesa ina njia nyembamba?”

Fundi aliweka chini bisibisi yake taratibu, kama mtu anayejizuia kuirusha. “Swali hilo lilikuwa la Jumatano. Jumatano ungeniuliza, ningekuchorea mpaka chaki iishe. Leo ni wa pili huyo kuchukua mashine yake.”

“Nisamehe, fundi.”

“Nikusamehe, sawa. Utanisaidia nini Jumamosi?” Alivuta pumzi, akajaribu. “Prosesa inapewa kazi za kila namna, na hatua moja inategemea jibu la hatua iliyotangulia. Kadi ya picha inapewa kazi moja mara milioni. Basi. Umeelewa?”

“Hapana.”

“Nilijua.” Akajishika kichwa. “Mikono yangu inajua, mdomo haujui. Nenda, mtoto. Nenda kafikirie. Nikisema zaidi nitakasirika.”

Darubini alitoka akipiga teke kila kopo aliloliona njiani. Hatua inategemea hatua! Kazi moja mara milioni! Kila neno alilijua, ila yakiunganishwa yanakuwa ukuta. Alijikasirikia, akamkasirikia fundi, akamkasirikia Redio, akaikasirikia hata kompyuta. Hakutaka kwenda nyumbani peke yake, kwa hiyo akaenda zahanati kumngoja mama yake, akakaa mwisho wa benchi.

Foleni ya dawa ilifika mpaka kwenye mlango wa nje. Dirisha la dawa lilikuwa dogo, la kupitisha mikono miwili tu, na nyuma yake alionekana mama akisoma cheti kimoja baada ya kingine. Watoto walilia. Wazee waliguna. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne aliyefungwa bandeji kidoleni, alikuwa ameshachoka kabisa.

“Dada, dirisha hili ndilo linalotuchelewesha!” alinguruma alipofika mbele. “Tundu la panya hili! Vunjeni ukuta, wekeni dirisha la maana, mtuhudumie wanne wanne!”

Foleni yote ikaunga mkono. “Kweli kabisa! Mpe, mpe!”

Mama hakupandisha sauti. “Hata wakivunja ukuta wote, baba, wewe unanipa cheti kimoja. Nakisoma. Nakuuliza, leo umekula?”

“Sijala.”

“Basi dawa hii ya kwanza sikupi uimeze sasa. Nakuuliza tena, unatumia dawa nyingine yoyote?”

“Natumia ya presha.”

“Umeona? Hii ya pili haipatani na ya presha. Naenda kumwona daktari aibadilishe, ndipo nijue nikupe ipi. Siwezi kushika ya pili kabla hujanijibu ya kwanza. Sasa niambie, dirisha pana lingenisaidia nini?”

Dereva alikuna kichwa. “Sasa nini kingekusaidia?”

“Kabati kuwa karibu, baba. Na wewe kujibu upesi.”

Watu wakacheka, na dereva mwenyewe akacheka mpaka bandeji ikalegea.

Darubini alikuwa ameshasimama. Alitazama mkono wa mama yake. Pembeni ya kiwiko chake palikuwa na sinia lenye dawa zile zinazoulizwa sana. Mara nyingi mama alichukua hapo hapo bila kunyanyuka. Mara chache tu ndipo alipokwenda stoo. Kisha akakumbuka mwezi uliopita, watoto mia tatu wa shule walipoletwa kumezeshwa dawa za minyoo. Siku ile hakuna aliyepita dirishani. Walifungua mlango mkubwa wa nyuma, wakapanga meza nne, watoto wakapita wanne wanne kama maji. Kidonge kilekile, kikombe kilekile. Hakuna cheti, hakuna anayemngoja mwenzake ajibu.

“Mungu wangu,” alisema. Bibi aliyekaa kando yake alimwuliza kama amepatwa na homa.

Alikimbia mpaka karakana. Bisibisi alikuwa anafunga mlango.

“Fundi! Prosesa ni dirisha la dawa! Na kadi ya picha ni siku ya minyoo!”

“Umegongwa na nini?”

Akamweleza huku anahema, neno juu ya neno. Fundi alisikiliza na funguo mkononi. Pole pole ule mkunjo wa katikati ya nyusi zake ukalegea. Akafungua mlango tena, akavuta kigoda.

“Kaa. Rudia, taratibu.”

Darubini akarudia. “Kwa hiyo prosesa iko polepole kwa sababu inauliza uliza…”

“Hapo hapana!” fundi alimkata. “Usiniharibie. Prosesa si polepole. Inafanya hatua mabilioni ndani ya sekunde moja. Ila hatua zake zinangojana, na kila moja inaweza kutaka kitu tofauti. Yeye haombi mzigo mkubwa. Anaomba kidogo, na anakitaka sasa hivi; kule kungoja ndiko latensi. Hilo sinia la mama yako analo pia: memori ndogo, imo ndani ya prosesa yenyewe. Anapata humo karibu kila anachotaka, njia ya nje haitumii sana.”

“Na kadi ya picha?”

“Picha ya kwenye kioo ni vidoti mamilioni. Kila kidoti hesabu ni ileile, na hakuna kidoti kinachokingoja kingine. Kwa hiyo inafanya vingi pamoja, na data lazima ziingie kwa wingi. Ukiipa njia nyembamba, itakaa na njaa.”

“Lakini fundi, si wangeipa tu prosesa njia pana, hata kama haihitaji sana?”

Fundi aligeuza ubao mmoja wa kompyuta, akauweka kwenye mwanga. Mgongoni ulikuwa umejaa mistari myembamba ya shaba, kama mikunjo ya kiganja. “Kila biti ya upana inataka waya wake kwenye ubao na mguu wake chini ya chipu, hiki kipande cheusi. Hesabu mwenyewe. Na memori ya prosesa unaichomeka, unaichomoa, unaongeza ukitaka. Iko mbali kidogo. Ya kadi ya picha imechomelewa hapo hapo pembeni ya chipu, haitoki, ndiyo maana ni rahisi zaidi kuipa waya nyingi. Nikijaza waya ambazo hazitabeba kitu, nimefanya nini?”

“Umevunja ukuta bure.”

Kwa mara ya kwanza fundi alitabasamu, kidogo sana. Kisha akainua kidole. “Na usiende kusema ‘siku zote’. Zipo mashine kubwa za kazi nzito, prosesa zake zimepewa njia kadhaa za biti sitini na nne zikiwa sambamba. Kesho sikuombi unitetee. Sema kweli tu, na ile usiyoijua uiache.”

Jumamosi asubuhi kamati ilikaa chumba cha kompyuta. Seremala alikaa mbele, daftari magotini. Mama wa Darubini alikuwa safu ya tatu, bado na koti jeupe la kazini. Bisibisi alisimama ukutani kama mtu anayengoja hukumu. Dirishani nje, vichwa vya wanafunzi vilipangana kama vikombe, na kichwa cha Redio kilikuwa cha kwanza.

“Mwenyekiti,” Darubini alisema kabla hajaulizwa, maana alijua akingoja atakosa nguvu, “Jumatano nilisema fundi ametuwekea prosesa nyembamba. Nilikuwa sijui. Niliona namba mbili, nikajitungia sababu. Nimekuja kuifuta.”

Chumba kikavuma. Seremala alikunja uso. “Kuifuta? Namba zimebadilika?”

“Hazijabadilika. Ziko vilevile, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa.”

Akaeleza. Alianza na dirisha la dawa, na wazazi wengi wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu foleni ile waliijua kwa miguu yao wenyewe. Akaja kwenye siku ya minyoo, na waliokuwa na watoto darasa la kwanza wakacheka. Akaeleza vidoti vya picha, hatua zinazongojana, sinia la karibu, waya za shaba, na kwamba zipo mashine kubwa ambazo prosesa zake zina njia pana zaidi.

Seremala hakuwa mtu wa kuachia kirahisi. “Lakini binti, umesema zipo mashine kubwa zenye prosesa za njia pana zaidi. Hizo zina biti ngapi? Na yetu kwa nini isiwe hivyo?”

Kila jicho likamgeukia. Jibu la haraka lilimjia ulimini. Angeweza kutaja namba yoyote pale na hakuna ambaye angejua.

“Hilo silijui, mwenyekiti. Mwulize fundi. Yeye anajua.”

Seremala, pole pole, akageukia ukutani. “Fundi?”

Bisibisi akajibu, kwa maneno machache na ya kukwaruza, kwamba hizo ni za ofisi zinazohudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, madirisha mengi ya dawa chini ya paa moja, na kwamba upana hutofautiana mashine kwa mashine. Safari hii walimsikiliza. Alipomaliza akauliza lile alilouliza Alhamisi: “Sasa naruhusiwa kuifungua?”

“Fungua,” seremala alisema.

Skrubu nne, ubavu wa mashine ukatoka. Waliokaa mbele walirudi nyuma. Ndani kulikuwa kweupe kama duka la unga. Vumbi la chaki lilikuwa limejaza feni iliyo juu ya prosesa mpaka mapanga yake hayakuonekana.

“Prosesa ikipata joto sana hujipunguza mwendo yenyewe isiungue,” fundi alisema. “Mashine imewekwa chini ya ubao wa kuandikia. Mwaka mzima inavuta chaki.”

Alisafisha kwa brashi, akapaka dawa ya kupoza prosesa, akafunga feni. Meza ikasogezwa mpaka ukuta wa pili, mbali na ubao. Mwalimu wa sayansi akabonyeza kitufe. Kiduara kikatokea, kikazunguka mara tano au sita, kikatoweka. Redio akapiga kigelegele dirishani mpaka akaambiwa ashuke.

Seremala alisimama, akamwendea Bisibisi, akampa mkono mbele ya wote. “Nilikukatiza ulipotaka kueleza. Nimekosa.” Fundi akaupokea mkono. Ila alipoinama kukusanya vifaa vyake, Darubini alimsikia akimwambia mwalimu mkuu kwa sauti ya chini, “Hapa pamekwisha. Zile mashine mbili zilizoondoka, sijui kama zitarudi.”

Darubini alidhani siku hiyo angekwenda nyumbani akiwa mwepesi. Mama yake alimshika bega getini.

“Umefanya vyema leo,” alisema. “Sasa tupitie kampuni ya mizigo, kisha kwa yule wa kwanza aliyeondoa mashine yake.”

“Mama! Si nimeshasema mbele ya kamati yote?”

“Wale wa kampuni ya mizigo walikuwa kwenye kamati?”

“Hapana. Lakini Redio ndiye aliyesambaza…”

“Redio alisambaza kilichotoka kinywani mwako. Huyo nitaongea na mama yake. Wewe uliambiwa na kila mtu kwamba unajua, ukaona aibu kusema hujui, ukamchukulia mtu jina lake ili ubaki na lako. Sikiliza, mwanangu. Usipojua jambo, sema sijui, kisha ukae chini ujifunze mpaka ulijue. Na ukishamsingizia mtu, Mungu anasamehe, lakini kusahihisha ni kazi yako, na unasahihisha kila mahali neno lako lilipofika, hata kama miguu inauma.”

Darubini alimwona Bisibisi akitoka getini na mfuko wake wa vifaa begani, akamkimbilia.

“Fundi, naomba uje na sisi. Nataka niseme ukiwa unasikia.”

Fundi alimtazama, akamtazama mama yake, akahamisha mfuko bega la pili. “Ofisi yao inafungwa saa saba,” alisema. “Tutembee upesi.”